Mtoto anazikariri ngeli zote, lakini kwenye insha anaandika "kitabu yangu". Hadithi zitamsaidia?

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko Gredi ya 4 hapa Donholm. Ukimwambia ataje ngeli anazitaja zote bila kukwama, A-WA, U-I, LI-YA mpaka mwisho, maana jedwali lake limebandikwa ukutani juu ya kitanda. Lakini insha zake zinarudi nyekundu tupu: 'kitabu yangu ilianguka', 'viatu zangu zimepotea', 'ile jiwe'. Nyumbani tunaongea Kiingereza na Kiswahili chetu cha Nairobi, na akiwa nje na wenzake ni Sheng. Shosho yake yuko Murang'a na humsimulia kwa Kikuyu tukienda huko. Rafiki yangu mwalimu ameniambia niachane na mazoezi, nimsimulie tu hadithi kila usiku, sarufi itajileta. Baba yake anasema huo ni mchezo, mtoto anahitaji tuisheni. Mimi mwenyewe Kiswahili changu si cha kujivunia, naogopa nitamharibu zaidi. Hadithi zinaweza kweli kufundisha sarufi? Na je, kuna kitu hakiko sawa na mtoto? Ana dada yake wa miaka 4, sitaki naye aishie hivi."*

Dada yangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kutokana na makosa uliyonukuu, sioni mtoto mwenye kasoro. Hebu yaangalie tena: "kitabu yangu ilianguka", "viatu zangu zimepotea". Kitu kimoja amekipa *ya* na *i*; vitu vingi amevipa *za* na *zi*. Hakubahatisha hata mara moja. Kiswahili tunachozungumza Nairobi, kwenye matatu, dukani, hata maofisini, kimezipunguza ngeli za vitu visivyo na uhai hadi imebaki karibu jozi moja, hiyo ya I-ZI, huku watu na wanyama wakiachiwa A-WA yao. Konda akipaza sauti "viti ziko mbili nyuma", abiria wote wanamwelewa na hakuna anayegeuka kumtazama. Mwanao amelelewa humo. Ameisikia kanuni hiyo tangu utotoni, akaishika, na anaitumia bila kuteleza. Shule inachomwomba ni kuongeza kanuni ya pili juu ya ile aliyo nayo, na hiyo ni kazi ya kawaida kwa mtoto wa miaka 9.

Kwa sababu hiyohiyo usiitupie Sheng lawama zote. Sheng hubadilisha sana msamiati, lakini "kitabu yangu" utaisikia kwa mzee wa miaka sitini wa Makadara asiyejua hata neno moja la vijana wa leo. Ukimpiga mtoto marufuku asiongee kama wenzake utapata mtoto mnyamavu, na mnyamavu hajifunzi lugha. Isitoshe, tayari anajua kubadilisha mtindo: sidhani anamwamkua shosho kwa Sheng.

Kuna jaribio dogo unaloweza kumfanyia leo jioni. Chora kidude chochote cha ajabu kwenye karatasi umwambie, "Hiki ni kidulu." Chora viwili pembeni: "Na hapa je, kuna nini?" Nina hakika atajibu "vidulu". Sasa mpe mchoro uwe wake, uangushe sakafuni kama kwa bahati mbaya, umuulize kumetokea nini. Hapo huenda ukasikia "kidulu yangu imeanguka". Mbinu hii ya neno la kubuni ilitumiwa na Jean Berko huko Marekani mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wadogo mchoro wa kiumbe alichokiita "wug", nao wakatoa wingi wake kwa Kiingereza ingawa hawakuwahi kulisikia neno hilo popote. Kama mtoto analipa wingi sahihi neno ambalo halipo, basi hakukariri. Ana kanuni kichwani.

Ukilifanya jaribio hilo utaona kitu ambacho kalamu nyekundu haikionyeshi. Kiambishi cha nomino yenyewe mwanao anacho: ki- anajua huwa vi-. Asichokuwa nacho ni mnyororo unaofuata, yaani *changu, kile, kimoja, kimeanguka, nimekiona*. Mazoezi ya umoja na wingi ya neno mojamoja, kiti–viti, kisu–visu, yanamrudishia kile anachokijua tayari.

Na jedwali la ukutani? Mtoto anayekariri ngeli ni kama mtu anayeweza kukutajia namba zote za matatu za Eastlands lakini hajawahi kupanda hata moja. Orodha iko kichwani, ila haimfikishi popote. Kwa kuandika sentensi moja tu, "kitabu changu kilianguka", ingebidi asimame, ajiulize kitabu kiko ngeli gani, ashuke kwenye jedwali, apate KI-VI, achague *ch-* mbele ya *-angu*, kisha *ki-* mbele ya *-li-*. Mtu anayesimulia jinsi alivyofukuzwa na mbwa hana nafasi hiyo. Anayeongea vizuri hapiti njia hiyo kabisa. Sikio lake limezoea, na "kitabu yangu" inamkwaruza kabla hajajua kwa nini.

(Kama wewe ulifundishwa M-WA, M-MI, KI-VI, usichanganyikiwe na majina ya siku hizi. Zamani ngeli zilipewa majina kwa kutazama mwanzo wa nomino. Sasa zinapewa kwa kutazama kinachotokea kwenye kitenzi. Mti umeanguka, miti imeanguka: ndiyo U-I hiyo.)

Sasa swali lako la msingi. Ndiyo, hadithi zinaweza kufundisha sarufi, na kwa Kiswahili zinaweza kuliko kwa lugha nyingine nyingi. Fikiria mazungumzo ya kawaida nyumbani. "Leta hiyo." "Gani?" "Hiyo, iko hapo juu." Kitu kiko mbele ya macho, mnanyosha kidole, na sentensi inakwisha kabla ngeli haijapata pa kukaa. Kwenye hadithi kitu hakipo. Hakuna cha kunyoshea kidole. Msimulizi analitaja jina mara moja, kisha kwa sentensi kumi zinazofuata analifuatilia kwa viambishi tu, na msikilizaji anajua ni nini kinachozungumzwa kwa sababu ya *ki-* au *u-* au *li-* hiyo. Ndani ya hadithi, upatanisho, yaani huko kufuatana kwa viambishi na ngeli ya nomino, una kazi ya kufanya.

Watafiti waliochunguza watoto wanaokua na lugha za Kibantu, kama Katherine Demuth aliyewafuatilia watoto wa Kisotho huko Lesotho na Kamil Ud Deen aliyewarekodi watoto wa Kiswahili hapahapa Nairobi, wameonyesha kwamba watoto huanza kuvishika viambishi hivi wakiwa wadogo sana, kabla ya shule na kabla ya jedwali lolote. Wanavipata kwa kusikia. Tatizo la mwanao ni kwamba vile vya ngeli nyingi hakuvisikia vya kutosha.

Lakini rafiki yako mwalimu ameiacha nusu ya habari. Sarufi haijileti. Mtoto anaposikiliza hadithi anafuata maana, na maana mara nyingi inapita hata sarufi ikiharibika. Ukimwambia "kijiko ikapotea" au "kijiko kikapotea", ataelewa yote mawili sawasawa na ataulizia mbele kukatokea nini. Kwa hiyo mtoto anaweza kusikiliza ngano mwaka mzima akafurahia kila moja, na bado akaandika "kitabu yangu". Sikio huamka pale anapolazimika kusimulia yeye, kwa sababu msimulizi hawezi kukwepa kuchagua kiambishi. Kusikiliza ni nusu; kusimulia tena ndiyo nusu nyingine, na ndiyo wazazi wengi huiruka kwa sababu ifikapo saa tatu usiku kila mtu amechoka.

Jambo la pili ambalo rafiki yako hakulitaja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni aina ya hadithi. Ngano zetu nyingi ni za wanyama. Sungura, fisi, ndovu, kobe, mamba. Wote hao ni A-WA. Hata kiboko, kifaru na kipepeo, ingawa majina yao yanaanza kwa ki-, ni A-WA: kiboko mkubwa amelala. Kwa hiyo unaweza kumsimulia mtoto hadithi mia za sungura na fisi ukawa umempa mazoezi mia ya ngeli ileile moja ambayo haikosei! Na ukijaribu kukwepa kwa kukipa kijiko mdomo na akili, wasimulizi wengi wanateleza bila kujua: "Kijiko akasema, mimi nimechoka." Kitu kikishakuwa mtu, kinavutwa kwenda A-WA.

Unachohitaji, basi, ni hadithi ambamo vitu vinapotea, vinavunjika, vinaibwa, vinatafutwa, vinapatikana, lakini vinabaki vitu. Tazama hii:

*Shosho alikuwa na kijiko kimoja cha mbao. Kilikuwa kikubwa, na kiliwekwa juu ya rafu. Siku moja kikapotea. Shosho akakitafuta chini ya meza, hakukiona. Akakitafuta ndani ya sufuria, hakimo. Akauliza, "Nani amekichukua kijiko changu?"*

Neno "kijiko" limetajwa mara mbili tu, lakini upatanisho wake umepita masikioni mwa mtoto mara 12: kimoja, cha, kilikuwa, kikubwa, kiliwekwa, kikapotea, akakitafuta, hakukiona, akakitafuta, hakimo, amekichukua, changu. Hakuna zoezi la kitabuni linalotoa kiasi hicho kwa nusu dakika. Iendeleze unavyopenda. Shosho anamuuliza jirani, anamuuliza muuza mboga, anawauliza watoto waliokuwa wakicheza bano nje. Kila mmoja anajibu, "Sikukiona." Mwisho wake, kumbe kilikuwa mkononi mwake muda wote. Watoto wa umri huu hucheka sana mtu mzima akionekana mjinga, itumie nafasi hiyo.

Kesho yake isimulie ileile, ila kilichopotea ni mwiko. *Shosho alikuwa na mwiko mmoja wa mbao. Ulikuwa mkubwa, na uliwekwa juu ya rafu. Siku moja ukapotea. Akautafuta chini ya meza, hakuuona. Akautafuta ndani ya sufuria, haumo. "Nani ameuchukua mwiko wangu?"* Siku nyingine ni jagi: likapotea, akalitafuta, hakuliona, halimo, nani amelichukua jagi langu. Kisha sahani: ikapotea, akaitafuta, hakuiona, haimo, sahani yangu. Hadithi haibadiliki hata kidogo, na ndiyo faida yenyewe. Mtoto ameshaijua, hana tena kazi ya kufuata kisa, kwa hiyo sikio lake linabaki huru kusikia kilichobadilika. Ukifika hapo mwachie yeye achague kitu. Akisema "leo ni kiatu", mwambie asimulie. Akisema "leo ni viatu viwili", hata bora.

Zile ngano za kale zina kifaa kingine ambacho ni upumbavu kukiacha: kiitikio. Fanani anapiga "Paukwa!" hadhira inajibu "Pakawa!", halafu katikati ya hadithi kuna wimbo au swali linalorudi tena na tena. Weka lako. Kila shosho anapomaliza kutafuta mahali, wewe unauliza, "Kimeonekana?" na watoto wote wawili wanajibu kwa sauti, "Hakijaonekana!" Mwiko: "Umeonekana?" "Haujaonekana!" Huyo wa miaka 4 atalishika hilo kabla ya kaka yake, utaona.

Anza na KI-VI, kwa kuwa sauti inajirudia yenyewe: kiti kile kirefu kimevunjika. Inafurahisha mdomoni. U-I ifuate: mti, mkate, mfuko, mlango. Kisha mtoto apumue kidogo, maana LI-YA ni ngumu kwa sababu ya haki kabisa: nomino mara nyingi haikuonyeshi chochote. Ukiitazama "gari" na "meza", hakuna alama inayokwambia kwamba moja ni *gari langu limeharibika* na nyingine ni *meza yangu imeharibika*. Msaada uko kwenye wingi. Kikiingia *ma-*, mara nyingi ni LI-YA: magari, mawe, mayai, masanduku, majani. Kisipobadilika, kama nyumba, sahani, meza, kalamu, aghalabu ni I-ZI. Mpe mtoto hadithi ambamo kitu kinaanza kimoja kisha vinakuwa vingi: *jiwe moja likaanguka kutoka kilimani, likafuatwa na mawe mengine mawili, yakaviringika mpaka mtoni.* Hapo "ile jiwe" yake itapata dawa. Kwa U-ZI, ufunguo uliopotea utakutosha mwezi mzima: ufunguo wangu umepotea, funguo zangu zimepotea. Ngeli za nadra ziachie shule.

Mbali na ngeli, hadithi ndiyo makao ya *-ka-*, na hapa kwa kweli hakuna zoezi linaloshindana nayo. Chukua insha yoyote ya mtoto wa Nairobi utakuta "alafu" kumi na tano: alafu tukaenda, alafu tukaona, alafu mama akasema. Mwonyeshe jinsi *-li-* inavyofungua mlango na *-ka-* inavyopita: *Mzee alitoka nyumbani. Akafika mtoni. Akainama, akanawa, akanywa maji.* Hakuna "halafu" hata moja na hakuna aliyepotea njia. Mchezo wenyewe ni rahisi: asimulie alivyoshinda shuleni bila kutamka "halafu", akilitamka, zamu inakwenda kwa dada yake. Ile *-nga* ya "alikuwa anakujanga" nayo isahihishe kwa njia hiyohiyo, kwa kumpa *hu-* na *alikuwa akija* ndani ya kisa.

Sasa, atakosea. Utafanyaje? Usiisimamishe hadithi. Akisema, "Kiatu yangu ikaanguka mtoni," wewe jibu kama mtu aliyeshtuka, "Ai! Kiatu chako kikaanguka mtoni? Kikapelekwa wapi?" Umemrudishia sentensi yake ikiwa imenyooka, na mazungumzo hayajakatika. Njia hii ina udhaifu wake: mara nyingine mtoto husikia kwamba umekubaliana naye tu, asione kilichorekebishwa. Kwa hiyo kaza sauti kidogo kwenye *chako* na *kikaanguka*, tua kabla yake. Na kwa kuwa ana miaka 9, si 3, anaweza kuelezwa waziwazi. Hadithi ikisha, mwambie, "Umesikia nilivyosema? Kiatu changu, kiatu chako. Mwiko je?" Dakika moja, imetosha. Chagua ngeli moja ya kufuatilia wiki hiyo. Makosa mengine yote yafumbie macho, hata yakikuuma.

Siku moja atakuja na "kipepeo kile kimeruka" au "kijana kimekuja". Usikasirike. Ni kosa, ndiyo, lakini ni kosa la mtoto ambaye *ki-* imeanza kumwingia mpaka anaipeleka isikohitajika. Mimi nikiliona kwenye daftari hufurahi. Litanyooka lenyewe akikumbushwa kwamba chenye uhai hufuata A-WA.

Kuhusu Kiswahili chako. Huna haja ya kuwa bingwa ili usimulie kisa cha kijiko. Unahitaji kukiandika sentensi sita mchana, uvipitie viambishi vyake, na usiku ukisimulie vilevile. Ukitilia shaka ngeli ya neno, fungua kamusi; kamusi nyingi za Kiswahili huandika ngeli kando ya nomino. Kama kusimulia bila karatasi kunakutisha, soma kwa sauti. Maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, na toka Donholm si safari. Mtandaoni, mradi wa African Storybook una vitabu vifupi vya bure, vikiwemo vya Kiswahili. Kwa kuwa vimeandikwa na kutafsiriwa na watu wengi tofauti, kipitie kila kimoja kabla hujamsomea mtoto. Na mkikwama Jogoo Road jioni, hiyo ndiyo nusu saa ya kumwambia asimulie yeye. Mama anayejifunza pamoja na mtoto hajaharibu kitu. Anayenyamaza kwa kuogopa kukosea ndiye anayemwachia mtoto Kiswahili cha konda peke yake.

Baba yake naye hajakosea moja kwa moja. Tuisheni inaweza kusaidia, inategemea inafanya nini. Kama mwalimu atampa karatasi nyingine za kujaza mapengo, mtakuwa mmelipia kitu alichonacho tayari. Kama atamfanya aongee, asimulie, aandike na kuandika upya aya moja mpaka inyooke, pesa hiyo haijapotea. Kabla ya kulipa, mwulize mwalimu huyo ni dakika ngapi kati ya sitini mtoto atakuwa ndiye anayezungumza. Jibu lake litakutosha.

Nisikufiche pia mahali hadithi zinapoishia. Hazitamfundisha kutaja majina ya ngeli, wala usemi wa taarifa, wala kubadilisha sentensi katika ukubwa na udogo kwa mpangilio wa mtihani. Miaka miwili ijayo atafanya KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6 ulioanza mwaka 2022, na ndani yake sarufi huulizwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Huko jedwali lina kazi yake. Ninachokuomba ni kugeuza mpangilio: hadithi itangulie, jedwali lifuate. Wiki ya kijiko ikiisha, mpeleke kwenye ukuta ule, umwambie akionyeshe kijiko kiko wapi. Atagundua kwamba KI ya kwenye karatasi ndiyo ile ya *kikapotea*. Wala usitarajie miujiza kwa wiki mbili. Kwanza utasikia akijisahihisha mwenyewe katikati ya sentensi, "kitabu ya... changu", baadaye sana ndipo insha zitaanza kubadilika, maana mkono huchelewa nyuma ya mdomo. Mwombe mwalimu wake wa darasa, kwa upole, kama anaweza kwa muda kuweka alama nyekundu kwenye ngeli moja tu kwa kila insha. Wengine watakubali, wengine watakwambia wana watoto sitini darasani, na watakuwa wanasema kweli.

Lini umtafute mtaalamu ana kwa ana? Kipimo changu ni lugha anayoiweza zaidi, iwe Kiingereza, Sheng au mchanganyiko wake wote. Mwambie akusimulie katuni aliyoiona au mechi waliyocheza, kwa lugha yoyote anayotaka. Akisimulia kwa mpangilio na ukaelewa nani alifanya nini, basi shida iko kwenye Kiswahili sanifu peke yake na yote niliyosema yanatosha. Lakini kama hata huko anapoteza uzi, sentensi zake ni fupi kuliko za wenzake, anasahau maagizo ya hatua mbili, au kusoma kunamshinda kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, usisubiri. Vilevile kama huongeza sauti ya televisheni, huuliza "nini?" kila mara, au masikio yake yamewahi kutoa usaha. Anzia kwa kupimwa masikio hospitalini. Kisha zungumza na shule ikuelekeze kwenye kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, kile walimu wanachokiita EARC, au uende KISE, taasisi ya elimu maalum pale Kasarani, ambako watoto hutathminiwa. Mtaalamu wa lugha na matamshi atakuuliza lugha zote za nyumbani. Mtajie zote, Sheng ikiwemo, asije akampima kwa lugha moja akatoa hukumu ya zote.

Huyu wa miaka 4 usimwandalie chochote cha pekee. Mkae pamoja, awe hadhira, apige kelele za "Hakijaonekana!", na akitaka kusimulia asimulie hata kama kijiko chake kinageuka ndege njiani. Na mkienda Murang'a, waacheni wamsikilize shosho kwa Kikuyu bila mtu kutafsiri. Kikuyu nacho kina ngeli na upatanisho wake, mti ni *mũtĩ* na miti ni *mĩtĩ*, na masikio yanayozoea kufuatilia kitu kwa viambishi katika lugha moja hayashangai sana yakikutana na mtindo huo katika lugha nyingine. Mkishikwa na giza huko, mwombeni shosho kisa cha kitu kilichopotea. Mkirudi Donholm, kijana akisimulie kwa Kiswahili.